Ghuba ya Burton na kisiwa ambacho hakikuwa kisiwa

BARAKA – Ukisimama kwenye bichi ya Baraka asubuhi na kutazama mashariki, utaona jua linatokea nyuma ya milima ya Ubwari. Kati yako na milima ile ni maji tu, na mitumbwi ya wavuvi inarudi na ndagala wa usiku. Mtoto wa Baraka hahitaji kufundishwa kwamba Ubwari si kisiwa. Anajua kwamba ukienda kusini ukifuata ufuko, maji yanakwisha, unazunguka kwa miguu, na unaanza kupanda upande wa pili. Ubwari ni nchi iliyonyoosha mkono wake ziwani kuelekea kaskazini. Maji yaliyobaki ndani ya mkono huo ndiyo ghuba yetu.

Lakini fungua ramani yoyote ya Ziwa Tanganyika, iwe ya kitabu cha shule au ya simu, uitafute ghuba hiyo. Mara nyingi hutakuta jina la Baraka juu ya maji, wala la Ubwari. Utakuta jina la Mwingereza: Golfe de Burton, Ghuba ya Burton. Mtu huyo alipita hapa siku chache tu katika mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa, akaondoka. Kosa lake lilikaa kwenye ramani za dunia miaka 18, na aliyelisahihisha ndiye aliyeiita ghuba kwa jina lake.

Habari hii inawahusu watu wa Fizi leo kuliko inavyoonekana, na hasa wale ambao wako mbali na vijiji vyao.

Wageni wawili wagonjwa

Richard Burton na mwenzake John Hanning Speke walitumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Kazi yao ilikuwa kutafuta maziwa ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiyasimulia, na hasa kujua mto Naili unaanzia wapi. Walitoka pwani mwaka 1857, wakafuata njia ya misafara iliyokuwa inajulikana tayari, ile ya pembe za ndovu na ya watumwa, wakafika Ujiji mwezi Februari 1858.

Hawakugundua njia. Njia ilikuwepo. Wapagazi waliijua, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliijua, na vituo vya kununulia chakula vilijulikana. Na walipofika ziwani walimkuta kila mwenyeji wa Ujiji anajua kuna nini ng'ambo, kwa sababu mitumbwi mikubwa waliyopanda ilichongwa kutokana na miti ya misitu ya Ugoma, upande huu wa magharibi.

Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, na baada ya kupata uhuru wake akarudi Zanzibar. Wazungu wale walisema naye Kihindustani, naye akasema Kiswahili na watu wa njiani. Maneno mengi yaliyoingia katika vitabu vyao yalipita kwanza kinywani mwa mtu huyu.

Mwezi Machi, Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim mashua yake. Mashua hakuipata, lakini alirudi na habari kubwa: kaskazini mwa ziwa kuna mto, na mto huo, alivyoelewa yeye, unatoka ziwani. Kama ingekuwa kweli, basi Naili ingekuwa imepatikana.

Basi mwezi Aprili wakapanga safari ya kaskazini kwa mitumbwi miwili, wakiongozwa na Kannena, mkuu wa Kawele pale Ujiji. Malipo yalikuwa nguo, shanga na waya wa shaba. Burton alikuwa na vidonda kinywani hata kusema na kula kulikuwa taabu. Walipanda kwa ufuko wa mashariki, upande wa Burundi, kisha wakavuka ziwa wakafika Ubwari. Kutoka hapo wakavuka tena hadi ufuko wa magharibi, wakaendelea hadi Uvira. Walifika huko tarehe 26 Aprili 1858.

Yaani walikata mdomo wa ghuba yetu bila kuingia ndani hadi mwisho wake. Waliona maji upande huu na maji upande ule, na katikati mgongo mrefu wa milima. Burton akaandika: kisiwa. Ramani iliyochapwa London baada ya safari hiyo ikachora kisiwa.

Ukweli uliosemwa Uvira

Kule Uvira kulitokea jambo la pili, na ndilo linaloonyesha vizuri zaidi maarifa ya wenyeji yalivyopokewa wakati ule.

Vijana watatu, wana wa mkuu aitwaye Maruta, walikuja kuwatembelea wageni. Wakaulizwa habari za mto Rusizi. Wakajibu bila kusita: Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Watu wengine waliokuwepo wakasema vivyo hivyo. Ndipo Bombay naye akaeleza kwamba Speke alikuwa amemwelewa vibaya Sheikh Hamed, kwani hata yeye alikuwa amesema unaingia.

Burton alitaka kwenda kuuona mto kwa macho yake, lakini wapiga kasia na Kannena walikataa kuendelea, wakihofia usalama wao kule mbele. Wakageuza.

Jibu lilikuwa limeshapatikana. Mtu yeyote anayetumia barabara ya Uvira leo anaweza kuona kwamba wana wa Maruta walisema kweli. Lakini kule Uingereza neno la vijana watatu wa Uvira halikutosha. Burton mwenyewe, alipogombana na Speke juu ya chanzo cha Naili, alirudi nyuma. Mwaka 1864 aliandika akitetea kwamba huenda Rusizi unatoka ziwani, kinyume cha alivyoambiwa na watu wanaokunywa maji yake.

Ilibidi kungoja hadi Novemba 1871. David Livingstone na Henry Morton Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi hadi mlango wa Rusizi, wakaona maji yanaingia ziwani. Hapo ndipo dunia ikakubali. Ilichukua miaka 13 kwa habari iliyokuwa imetolewa bure, kwa lugha nyepesi, na wenye nchi.

Stanley, Para na Ruango

Mwaka 1876 Stanley alirudi na mashua yake, Lady Alice, iliyoweza kufunguliwa vipande vipande na kubebwa na wapagazi. Tarehe 11 Juni aliondoka Ujiji, akashuka kusini, akazunguka mwisho wa ziwa, akapanda kwa ufuko wa magharibi. Alirudi Ujiji mwisho wa Julai, baada ya siku 51.

Hakuwa peke yake akipapasa njia. Alikuwa na waongozaji wawili wa Ujiji. Mmoja, Para, alikuwa amemwongoza Verney Lovett Cameron mwaka 1874 alipopima nusu ya kusini ya ziwa. Wa pili, Ruango, alikuwa pamoja na Livingstone na Stanley mwaka 1871. Ukijumlisha safari za watu hao wawili, waliyajua maji haya kuliko mzungu yeyote aliyekuwa hai wakati ule. Katika vitabu wamebaki na jina moja moja tu, bila jina la baba wala la kijiji.

Katika safari hiyo Stanley alithibitisha kwamba Ubwari imeshikamana na bara. Kisiwa kikafutwa kwenye ramani, na mahali pake pakachorwa rasi na ghuba. Kwa heshima ya mtu aliyekosea, Stanley akaiita Ghuba ya Burton.

Hesabu ya heshima ni rahisi kuifanya. Burton alipata medali ya dhahabu ya Shirika la Jiografia mwaka 1859, na ghuba mwaka 1876. Bombay, aliyekwenda na Burton, na Speke, na Stanley, na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki, alipewa medali ya fedha na pensheni. Para, Ruango na wana wa Maruta hawakupata kitu.

Hata kwenye barafu

Mtu asidhani kwamba jambo hili lilifanyika Afrika peke yake. Shirika lilelile la London lilikuwa na macho yake pia kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, nchi ya barafu ambako bahari huganda na jua halichomozi kwa miezi.

Mwaka 1845 nahodha Mwingereza John Franklin alikwenda huko na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika. Watu 129 walipotea wote. Mwaka 1854 msafiri John Rae alikutana na wenyeji wa huko, Wainuit. Wakamwambia kwamba wazungu wengi walikufa kwa njaa wakitembea kuelekea kusini, na kwamba katika shida yao walikula maiti za wenzao. Wakamwonyesha hata vijiko vya fedha vya maofisa wale. London ilikasirika. Charles Dickens, mwandishi mkubwa, aliandika kwamba maneno ya Wainuit hayafai kuaminiwa.

Mwezi uleule wa Aprili 1858, Burton akiwa kwenye mtumbwi karibu na Ubwari, meli ndogo iitwayo Fox ilikuwa ndiyo kwanza inachomoka kwenye barafu ya Baffin Bay, baada ya kunaswa miezi minane. Ilikuwa inawatafuta watu wa Franklin. Mwaka uliofuata ilikuta mifupa yao na barua yao, kule ambako Wainuit walikuwa wameelekeza.

Meli zenyewe hazikuonekana hadi juzi. Erebus ilipatikana chini ya maji mwaka 2014, katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yakilitaja miaka yote. Terror ilipatikana mwaka 2016, baada ya Mwinuit mmoja kueleza alichowahi kukiona akivua samaki, katika ghuba iliyokuwa tayari inaitwa Terror Bay. Wazee wa Wainuit walikuwa wamerithisha habari hiyo mdomo kwa mdomo kwa zaidi ya miaka 150, na ilipofuatwa ilikuwa sahihi.

Ramani ilileta nini

Baada ya wachora ramani walikuja wengine. Edward Hore wa misheni ya London alifika Ujiji mwaka 1878, akalipima ziwa kwa miaka mingi. Mapadre Weupe walijenga Kibanga, karibu na Ubwari, mwaka 1883. Kwa upande mwingine, Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye bunduki nyingi, aliutawala ufuko huu na kuchukua watu utumwani hadi aliposhindwa mwaka 1894. Halafu mpaka ukachorwa katikati ya ziwa, kutoka kaskazini hadi kusini, juu ya maji ambayo mvuvi hawezi kuyawekea jiwe. Jamaa zilizokuwa zikioana ng'ambo kwa ng'ambo zikajikuta katika nchi mbili.

Mwaka 1965 ghuba hii ilikuwa tena kwenye ramani za watu wa mbali. Aprili ya mwaka huo Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia waasi wa Fizi, akaondoka Novemba akiwa ameshindwa. Mwezi Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka kwenye ufuko wa Baraka kwa boti. Wazee wa hapa bado wanauhesabu umri wa watoto wao kwa kusema alizaliwa kabla au baada ya vita vile.

Hata hivyo, haki lazima itendeke kwa pande zote. Wageni wale walifanya jambo moja ambalo wenyeji hawakulifanya: waliandika. Na maandishi yao yana faida hata leo. Cameron na Stanley waliukuta mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa hili, umezibwa na mafunjo na matope, huku maji ya ziwa yakipanda. Stanley alitabiri kwamba ziwa litafurika na kuvunja kizuizi. Ndivyo ilivyokuwa. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja, Lukuga ukaanza kukimbia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kama 10.

Familia zilizoona maji yakiingia nyumbani Baraka na Uvira mwaka 2020, na tena mwaka 2024, zinaweza kujiuliza kama dunia inaisha. Kwa sababu watu waliandika, tunajua kwamba ziwa lilipanda pia mwaka 1964, na kwamba siku za Stanley lilikuwa juu zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kiwanja kilichouzwa kwa bei ndogo karibu na maji huenda ni ziwa lililoondoka kwa muda tu. Linajua njia ya kurudi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kosa la Burton liliishi miaka 18 kwa sababu lilikuwa kwenye karatasi. Ukweli wa wana wa Maruta ulilala miaka 13 kwa sababu ulikuwa kwenye ulimi, na karatasi ikaushinda.

Tangu mwaka 1996 watu wa Fizi wamekimbia mara nyingi. Wengine walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako watoto wamezaliwa, wakakua na kuoa bila kuiona ghuba hii hata siku moja. Mwaka 1997 meli Liemba ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000. Meli hiyo nayo ina historia yake: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Jina lake ni jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa hili. Lakini wengi waliorudi walikimbia tena. Wengine hawakuvuka maji. Walishuka tu kutoka milimani na vilima vya Itombwe, au walikuja kutoka barabara ya Uvira, na leo wanalala kwa jamaa hapa Baraka.

Anayekimbia hubeba godoro, sufuria na watoto. Majina ya mahali hayabebwi mkononi, na ndiyo yanayopotea kwanza. Kijito kilichokuwa mpaka wa shamba la babu kina jina. Mti ulioonyesha mwisho wa kiwanja una jina. Kilima chenye makaburi kina jina kwa Kibembe, na huenda jina lingine kwa jirani wa kabila lingine. Siku ya kurudi, atakapokuta mtu mwingine analima pale, kesi itaanzia kwenye majina hayo. Atakayeyajua vizuri, na kuweza kuyaeleza mbele ya wazee wa pande zote mbili, atakuwa na la kusema. Asiyeyajua atasimama kama Burton: ataona maji upande huu na maji upande ule, na atasema chochote.

Kazi yenyewe haihitaji Lady Alice wala medali. Inahitaji daftari la shule na kalamu, na jioni moja na bibi au babu kabla hajaondoka. Andika jina la kijiji, na la sekta. Andika mto wa juu na mto wa chini. Andika majirani wanne, wa kila upande, hata yule mliyegombana naye. Andika makaburi yako wapi. Andika jina kamili la aliyekueleza, na la baba yake, na mahali alipozaliwa, asije akabaki na jina moja kama Para na Ruango.

Hakuna anayedai kwamba ramani za dunia zibadilishwe kesho. Ghuba ina upana wa kutosha kubeba majina mawili. Wavuvi watakaotoka usiku wa leo na taa zao hawatasema wanakwenda Burton. Watasema wanaelekea Ubwari, kama walivyosema baba zao, na asubuhi watarudi Baraka. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu anastahili kujua kwamba mahali hapo pana jina, na kwamba ukifuata ufuko kuelekea kusini, bila kuvuka maji, unafika ng'ambo kwa miguu.